Wembe wa Baba Nawal

Mume wangu alipoacha kunyoa, mtaa mzima ulifikiri amezidisha ibada. Wateja walikuwa wakiingia dukani kununua kitasa au misumari, wanaziona ndevu zilivyomtambaa mashavuni, halafu wanamwamkia kwa adabu ambayo zamani hawakuwa nayo. Kijana mmoja alimwuliza kama ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye safari ya tabligh, kuhubiri dini. Masoud akamjibu kwamba alikotoka ni chumbani kwake, na kama hanunui kitu ampishe anayenunua.

Mimi nilijua ukweli, maana nyumba yetu iko nyuma ya duka hilo hilo hapa Manzese na hakuna siri inayopita kati ya milango miwili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Ulianza na kidole gumba kikisuguana na cha shahada, kama mtu anayevuta tasbihi ambayo haipo, kisha ukashika mkono mzima. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, akampa vidonge, akatuambia tuwe na subira. Masoud alichukua vidonge, subira akaiacha hospitali.

Tangu anioe, mtu huyu hanyolewi na mtu. Waswahili wanasema kinyozi hajinyoi, lakini yeye kila Ijumaa asubuhi alitoka uani na kigoda, kioo, bakuli la maji moto na wembe wa kukunja aliourithi kwa baba yake. Si zile nyembe za kutumia na kutupa. Ni ule wa mpini mweusi unaofunguka kama kisu, unaonolewa mwaka hadi mwaka, na ukicheza nao unakutoa roho. Aliacha ndevu kidogo za heshima kidevuni, mashavu na shingo akavisafisha mpaka vikang'aa. Asubuhi hizo alikuwa hasemi na mtu. Ukimwuliza chai au kahawa, anakutazama tu kwenye kioo. Nilishazoea kwamba mume wangu Ijumaa huamka amenuna, nikawa namwachia Mungu.

Basi Ijumaa moja nikasikia bakuli limeanguka. Nilipotoka nikamkuta ameshika shingo kwa taulo, damu inachirizika. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa shingoni.

"Wembe umechakaa," akasema.

"Baba Nawal, wewe unauza visu. Lini uliona chuma kikatetemeka?"

Aliukunja wembe, akaupandisha juu ya kabati, na haukushuka tena.

Mwanamume akifuga ndevu hafi, najua. Nisingejisumbua kama si harusi ya Nawal. Huyo ndiye binti yetu, na hatuna mwingine. Alikuwa ameposwa na Haitham, kijana mpole wa kule Kinondoni anayetengeneza simu, na siku ya ndoa ilikuwa imekaribia. Kwetu sisi anayeozesha ni baba. Anakaa mbele ya sheikh, anaushika mkono wa kulia wa bwana harusi kwa mkono wake wa kulia, anatamka maneno, na watu wote macho yao yako kwenye ile mikono miwili. Siku hizi na simu zao pia ziko hapo hapo.

Jioni moja tunakunywa chai, Masoud akasema bila kumtazama yeyote, "Nimezungumza na Sleyum. Siku ya ndoa atakuwa wakili wangu, ataozesha yeye."

Sleyum ni mdogo wake. Nawal aliweka kikombe chini, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Sheria inaruhusu."

"Sheria inaruhusu hata wake wanne, mbona hujaoa?"

Akautia mkono wa kulia kwenye mfuko wa kanzu. Ndiko ulikokuwa unaishi siku hizo. "Zubeida, mie sitaki watu wakumbuke harusi ya mwanangu kwa huu mkono. Basi."

Nilimfuata Nawal. Alikuwa amekaa kitandani na uso mkavu, na hiyo ikaniuma zaidi kuliko angelia. "Ami Sleyum nampenda, Mama," aliniambia. "Lakini mie nikiozwa na mtu mwingine, na baba yangu yupo hai kakaa pembeni, nitakuwa nimeolewa kama yatima."

Usiku huo sikumwambia mtu nililolifikiria. Nilimwona mume wangu anavyopita mbele ya kioo cha kabati bila kugeuza shingo. Mtu ambaye hataki kujiona mwenyewe atakubalije kuonwa na watu mia? Nikasema nianze na ndevu, mengine yatafuata.

Nikaanza na njia rahisi. Fransis ana saluni ya kiume ng'ambo ya duka letu, kijana msafi na mkono wake mwepesi. Nilimwomba avuke na begi lake aje amnyoe mzee nyumbani, faraghani. Akaja. Masoud akamkaribisha vizuri, akamwuliza saluni yake inafungwa na kufuli la aina gani, akamkemea kwa kutumia kufuli bovu. Fransis akatoka amenunua kufuli, begi hakulifungua.

"Mie sinyolewi," Masoud akaniambia baadaye. "Anayekalishwa akanyolewa na mtu ni mgonjwa au maiti. Mie bado sijawa hata mmoja."

Hapo nikapandwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira ndipo ninapofanya mambo ya maana. Nikapanda kwenye stuli, nikaushusha wembe kutoka juu ya kabati. Nikamwambia Nawal, "Tafuta kwenye simu yako wanaume wanavyojifunza kitu hiki."

Alitafuta, akapata jamaa mmoja amejichora mikono mizima anapaka povu la sabuni kwenye puto, kisha analinyoa. Ukiweza kuliondoa povu lote na puto lisipasuke, alisema, unaweza kushika uso wa mtu. Maputo tulikuwa nayo, ya kupambia ukumbi. Tukajifungia uani, nikalipaka moja povu, nikaufungua wembe.

Lilipasuka kwa kishindo, povu likatujaa machoni.

"Nini hicho?" Masoud akapiga kelele kutoka dukani.

"Puto!"

"La nini?"

"La harusi!"

Sikusema uongo. La pili nalo likapasuka, na la tatu. Jirani yangu Mauwa, anayekaanga vitumbua upande wa pili wa ukuta, alikuja mbio akidhani mtungi wa gesi umelipuka. Alipotuona akakaa chini, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Jamani Zubeida, hayo maputo yamekukosea nini?" Nilipomweleza, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akasema neno la busara kwa bahati mbaya: "Wembe wako butu, shoga. Unakwaruza badala ya kukata."

Kweli. Wembe ule hauendi bila kupitishwa kwenye mkanda. Mkanda wenyewe ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wa mlango wa uani, ngozi nene nyeusi, nao pia wa marehemu baba mkwe, umetoka naye Tanga. Miaka yote nilimwona Masoud akiupitisha wembe pale, huku na huku, kwa mlio mtamu. Nikaona si kazi. Mimi ni mwanamke wa jikoni. Kisu gani sijakinoa? Kisu unakilaza kwenye jiwe, unasukuma makali mbele. Nikaulaza wembe kwenye ngozi, nikasukuma makali mbele.

Ukaingia kwenye mkanda kama kwenye siagi.

Nilikuwa bado nautazama ule mpasuko wakati Masoud anatoka dukani kwenda kutawadha kwa ajili ya adhuhuri. Alisimama na birika mkononi.

"Zubeida!" Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu mkono uanze kumsumbua. "Mkanda wa baba yangu huo! Unanoa panga? Mgongo utangulie! Mgongo mbele, makali yafuate nyuma! Toka enzi na enzi unaniona, ulikuwaga unaona nini?"

"Nilikuwaga naona mtu kanuna!"

"Na umeulegeza! Mkanda ukilegea wembe unakufa. Uvutwe, hivi!"

Akaliweka birika chini, akaikamata ncha ya mkanda kwa mkono wa kulia, akauvuta mpaka msumari ukalia mlangoni. Nami nikaupitisha wembe, mgongo mbele, makali nyuma. Ukatoa ule mlio. Nikaugeuza, nikaurudisha. Na hapo ndipo nilipouona mkono wake.

Ulikuwa umetulia. Kidole gumba kimeikaba ngozi, mishipa imesimama, na hakuna kilichotikisika. Ulivyokuwa unavuta, ulikuwa mkono wa Masoud yule yule aliyekuwa akibeba mifuko miwili ya misumari kwa mkupuo. Alipouachia mkanda ili achukue birika, mkono ukaanza tena, na maji yakamwagika njia nzima mpaka kwenye mkeka wa kuswalia.

Sikusema kitu. Mauwa, anayenijua, alinitazama kama ananiuliza naumwa. Lakini niliogopa. Nikimwambia, ataukodolea macho, na mkono ukikodolewa macho utaanza kutapatapa. Nikasema tu, "Basi kesho uje univutie, maana mie mkanda siuwezi peke yangu."

"Nitakuja kwa ajili ya mkanda," akasema. "Sio kwa ajili yako."

Ikawa hivyo. Kila alipofunga duka kwa chakula cha mchana alikuja uani, anavuta ncha ya mkanda, mimi nacheza na wembe. Hakukubali hata siku moja kwamba ananifundisha. Alikuwa anausemea wembe, kama vile anautetea. "Laza. Laza zaidi. Mgongo wake uikaribie ngozi, ibaki nafasi ya kupita sarafu. Ukiusimamisha unachinja, ukiulaza sana unapapasa." Au, "Ndevu zina njia yake. Unaifuata zinakolala, huendi kwa kushindana." Au, "Mkono wa kushoto ndio unaonyoa. Wa kulia unapita tu. Wa kushoto usipoikaza ngozi, wa kulia utafanya nini?" Mimi naitikia, "Ahaa," kama mwanafunzi mpole, nikirudi jikoni nacheka peke yangu.

Maputo yaliendelea kupasuka, lakini machache. Nilijaribia pia kwenye mkono wangu mwenyewe wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko kushuka. Ukabaki laini kama wa mtoto. Mauwa akauona, akaniuliza anayeolewa ni mimi au Nawal.

Sasa nikahitaji uso. Puto halina taya, wala koromeo linalopanda na kushuka. Haitham alipokuja kusalimia, nilimtazama mashavu yale mabichi mpaka Nawal akanikanyaga mguu. Hapana, yule hakuwa bado mkwe wangu, hakuwa maharimu yangu niliyeruhusiwa kumgusa, na hata angekuwa, wapi umeona mama mkwe kamshika mkwewe kidevu? Fransis ni mtoto wa watu. Kaka yangu mmoja yuko Tanga. Ukihesabu vizuri, katika jiji zima la Dar es Salaam uso niliohalalishiwa ulikuwa mmoja, na wenyewe haukunitaka.

Ndoa ilipangwa Jumamosi baada ya alasiri. Ijumaa, kumekucha tu, nilitoa kigoda uani. Nikaweka bakuli la maji moto, taulo, sabuni, burashi na jiwe la shabu la kuzuia damu. Nawal akaleta puto jeupe, la mwisho, na kalamu ya wino. Akalichora macho, pua, kofia, miwani kama ya baba yake ya dukani na nywele mbili ndefu masikioni, halafu tukalipaka povu mashavuni na shingoni, tukaacha kidevuni.

Masoud alitoka kutafuta maji. Akasimama. Sikumsalimia, nilikuwa na kazi. Nilianza shavu la kulia la puto, nikashuka taratibu, nikafuta wembe kwenye taulo, nikarudi. Shavu la kushoto. Shingo, sehemu ile iliyonishinda siku zote, karibu na fundo. Nilipomaliza nililipangusa puto kwa kitambaa na kumgeuzia. Lilikuwa zima, linamtazama kwa miwani.

Akalitazama sana.

"Mbona lina pua kubwa?" akauliza.

"Hiyo nimeipunguza, Baba," Nawal akamjibu.

Masoud akacheka. Kicheko kilianza puani, kikashuka tumboni, mabega yakaruka, na nikagundua ni muda mrefu sana nilikuwa sijakisikia humu ndani. Nilifurahi. Lakini chuma hufuliwa kikiwa moto.

"Ulisema anayenyolewa na mtu ni mgonjwa au maiti," nikamwambia. "Umemsahau mmoja."

"Nani?"

"Bwana harusi. Siku uliyonioa ulikalishwa mkekani kwa mama yako Tanga, kinyozi anakunyoa, dada zako wanakuimbia na kukumwagia marashi. Siku ile ulikuwa mgonjwa au ulikuwa maiti?"

Akanitazama. "Kwani kesho naoa?"

"Jaribu uone. Wembe ninao."

Akavua kofia, akampa Nawal. Akakaa kwenye kigoda.

Nawal alikuwa na akili, akasema anakwenda kufungua duka. Tukabaki wawili. Nilimfunika uso kwa taulo la moto, nikasubiri, nikaliondoa, nikampaka povu kwa burashi kwa kuzungusha kama nilivyomwona akifanya yeye. Alifumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa unacheza juu ya goti, na safari hii hakuuficha. Nikaikaza ngozi ya shavu kwa mkono wa kushoto, nikaulaza wembe.

"Mungu wangu, Baba Nawal," nikaanza, "ndevu zako zimekuwa ngumu kama..."

"Usiongee."

"Mie nasema tu..."

"Ukinyoa, nyamaza. Maneno yanatikisa mkono. Mie ndio maana Ijumaa nilikuwaga siongei."

Nikausogeza wembe mbali na uso wake. "Si ulikuwa unanuna?"

Akafungua jicho moja katikati ya povu. "Nani kanuna? Nilikuwa nalilinda koo langu."

Nusura niangushe wembe. Ijumaa zote hizo za ndoa yetu! Nilikuwa nikiamka mapema kumpikia mkate wa kumimina ili kisirani kimtoke, na kumbe mtu mwenyewe hana kisirani, anakula tu mkate wangu. Nilicheka mpaka nikalazimika kuegemea mlango, naye akakaa pale na povu lake linakauka, ananisubiri, anatabasamu.

Halafu nikanyamaza kweli. Sijawahi kunyamaza hivyo. Nilisikia magari ya Morogoro Road, mafuta ya Mauwa yanachemka upande wa pili, na wembe unavyopita kwa mlio mdogo wa kukatika ndevu. Chini ya povu uso wake ulikuwa unarudi kipande kwa kipande: kovu la utotoni karibu na sikio, kidoa cheusi nilichokuwa nimeshakisahau, mstari wa shavu. Aliinua kidevu mwenyewe, akanipa koo. Mtu aliyekataa kunyolewa hata na kinyozi alinipa koo lake, macho ameyafumba, mimi niliyejifunzia kwenye puto. Nilimpenda sana saa ile.

Nilimkata mara moja, chini ya sikio la kushoto. Tone dogo. Nikalowesha shabu, nikabandika.

"Hapo umetia saini," akasema.

Nilimpangusa, nikampa kioo. Alijitazama upande huu, akajitazama upande ule, akapitisha kiganja shavuni. "Alaa," akasema polepole. "Huyu namjua."

"Njoo tuupitishe wembe kabla sijauweka," nikamwambia.

Akasimama, akaikamata ncha ya mkanda ule wenye mpasuko, akavuta. Nikaupitisha wembe mara chache, mgongo mbele, makali nyuma. Kisha nikausimamisha, na niliogopa kuliko nilipokuwa kooni kwake.

"Baba Nawal, hebu utazame mkono wako."

Akautazama. Nilimwona alivyojiandaa kuchukia alichokuwa anakwenda kukiona. Mkono ulikuwa umeubana mkanda, umetulia. Akavuta zaidi. Ukatulia zaidi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku niliyoukata mkanda wako."

"Na hukusema?"

"Si umenifundisha kunyamaza?" Nikaukunja wembe. "Mkono wa Haitham nao ni ngozi tu, Masoud. Usiushike kama yai. Uvute."

Aliuachia mkanda ukaning'inia kwenye msumari wake, akaenda kuoga kwa ajili ya Ijumaa. Siku nzima hakulitaja, na mimi sikumwuliza. Sleyum alipiga simu jioni kuuliza avae joho la rangi gani, nikamsikia Masoud anamwambia avae lolote analopenda. Nawal naye alisikia. Tulitazamana, tukaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi turubai lilisimama mbele ya nyumba, mikeka ikatandikwa, wanaume wakajaa. Wanawake tulikuwa sebuleni, tumebanana dirishani nyuma ya pazia, na bibi harusi chumbani kwake na hina zake, haoni kitu ila kipaza sauti anakisikia. Haitham alikaa mbele ya sheikh, amevaa kanzu na joho, jasho linamtiririka. Sleyum alikuwa amekaa karibu na sheikh, tayari. Masoud alikuwa nyuma kidogo, kando ya nguzo ya turubai, uso wake unang'aa, na mkono wa kulia ndani ya mfuko.

Sheikh alisoma hotuba ya ndoa. Kisha akatazama kulia na kushoto. "Haya, walii ni nani? Nani anaozesha?"

Sleyum akakohoa, akaanza kujisogeza.

Nililishika pazia kwa mikono yote miwili.

"Mimi," ikasikika sauti kutoka kwenye nguzo. "Mimi ndiye baba yake."

Watu wakampisha. Akapita kati ya magoti yao, akakaa mbele ya Haitham, goti kwa goti. Sleyum akamfanyia nafasi, akamgusa begani. Masoud akautoa mkono mfukoni, na ulikuwa unatetemeka, kila mtu aliuona, na zile simu zote zilizonyanyuliwa ziliuona. Kijana mmoja akashusha simu yake kwa aibu. Masoud akaukamata mkono wa Haitham.

Akauvuta.

Maskini Haitham hakutegemea. Alichomoka kwenye mto wake, kofia ikamshukia kwenye nyusi, na ili asiangukie mapajani mwa mkwewe akajivuta nyuma kwa nguvu zake zote. Watu wakacheka kidogo. Lakini mikono ile miwili ikawa imenyooka katikati yao, imekaza, na hakuna hata ukucha uliotikisika.

"Zubeida, achia pazia," Mauwa akaninong'oneza, "utaling'oa."

Sheikh akaanza kumtamkisha, lakini Masoud hakumsubiri. "Haitham," akasema, sauti kavu na safi, "nimekuoza binti yangu Nawal kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa Nawal kwa mahari tuliyokubaliana," Haitham akajibu, kwa sauti ya mtu anayevutwa bega.

Bibi harusi siku yake hakai akapiga vigelegele. Anainamisha kichwa, anatoa machozi ya adabu, wengine ndio wanaompigia. Lakini vigelegele vya kwanza siku ile vilitoka chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, na shangazi mtu akashika kichwa. Sisi wengine tukapokea.

Sheikh akasubiri tunyamaze, akasema, "Tuombe dua." Masoud akamwachia Haitham, na Haitham akasugua bega. Mikono ikanyanyuliwa turubai zima. Nilijua wa kwake wa kulia sasa utarudi mfukoni, na sikumlaumu, alikuwa amefanya niliyoyataka na zaidi.

Haukurudi. Aliinua yote miwili, akaifungua mbele ya kifua chake, na wa kulia ukaanza tena kuivuta ile tasbihi yake isiyoonekana, mbele ya majirani, wateja, Fransis, Sleyum na simu zote. Akauacha utetemeke. Chini ya sikio la kushoto niliiona alama nyeupe ya shabu, na uso wake, uliokuwa mkononi mwangu jana yake, ulikuwa umetulia kabisa. Akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Nikaliachia pazia, nikainua na mimi mikono yangu.